Kabla ya Chuo Kuna Fomu

Mwanafunzi wa chuo kikuu akirudi likizo milimani, iwe ni Usangi, Mbaga, Suji au Chome, salamu zikishaisha swali huwa moja: "Haya mwanangu, unasomea nini huko?" Mzee anayeuliza anataka neno moja tu. Udaktari. Sheria. Uhandisi. Ukimjibu, "Nasoma Historia na Kiswahili, mzee," atanyamaza kidogo, kisha atakusaidia mwenyewe kumalizia: "Ahaa, kwa hiyo ualimu." Mimi nimeulizwa hivyo mara nyingi, na kila mara nikatoka na ualimu wangu hata kabla sijaeleza chochote.

Sasa tuache utani wa wazee. Swali lenyewe ni zito: hivi jibu lile la "nasomea fulani" linatamkwa lini, mbele ya nani, na nani analisaini?

Katika vyuo vingi vya Marekani jambo hili lina msimu wake rasmi. Mwanafunzi anaingia chuoni bado hajafungwa. Anaonja masomo mwaka wa kwanza na wa pili, halafu mwaka wa pili ukielekea kuisha anajaza fomu, mshauri wake wa masomo anapitisha, idara inampokea. Hapo anakuwa ametangaza rasmi fani yake kuu, na akipenda anaongeza fani ndogo pembeni. Anaweza kuwa wa Biolojia kwanza na Muziki pili, hakuna atakayemshangaa.

Kwetu msimu huo haupo. Kijana wa Same anayefika Dar es Salaam, Dodoma au Mbeya na begi lake, tamko lake limeshatolewa zamani. Lilitolewa kwenye fomu ya kidato cha nne, akiwa na miaka kumi na sita au kumi na saba, na kwa kiasi fulani lilitolewa hata kabla ya hapo. Chuo kinampokea mtu ambaye fani yake imeshakatwa na kushonwa. Nataka kuitazama fomu ile kama tunavyotazama hati yoyote ya zamani: nani aliiandika, alikuwa anatafuta nini, na kalamu ilikuwa mkononi mwa nani.

Fani ilipokuwa ya ukoo

Tuanzie milimani kwenyewe. Huko Ugweno, upande wa kaskazini wa Milima ya Upare, simulizi za wazee zinawataja Washana, ukoo wa wafua chuma. Chuma cha Upare kilikuwa na sifa, na majirani Wachaga walikuwa wateja wake. Mtoto wa Mshana hakuulizwa atasomea nini. Kiwanda cha baba kilikuwa darasa lake, na ufundi ulikuwa urithi kama shamba lilivyokuwa urithi.

Simulizi hizo hizo zinasema Washana ndio waliotawala mwanzo, mpaka Wasuya wakawapindua. Mtawala anayekumbukwa kwa kupanga upya dola ya Ugweno ni Mranga, na katika mpango huo mafunzo ya vijana, yale ya jando yaliyofanyika msituni, yakawa jambo la utawala mzima. Yaani hata kabla ya mkoloni kulikuwa na serikali milimani iliyojua kwamba anayeshika mafunzo ya vijana ameshika kesho.

Kisha wakaja wamisionari. Walutheri walifika Upare mwanzoni kabisa mwa karne ya 20, na Waadventista Wasabato wakafungua kituo chao Mamba, Upare Kusini, mwaka 1903. Shule zikafuata. Masomo yalikuwa kusoma, kuandika, hesabu na maandiko. Waliotoka pale wakawa walimu, wainjilisti na makarani. Swali la wakati ule lilikuwa nani atakwenda shule na nani atabaki na mbuzi. Ukishachaguliwa kwenda, hakukuwa na orodha ya masomo ya kuchagua. Lakini jambo kubwa lilikuwa limetokea: kwa mara ya kwanza mtoto wa Kipare aliweza kupata fani ambayo ukoo wake haukuwa nayo.

Marekani walianza na uhuru, wakarudi kwenye fomu

Huku milimani shule zikiwa ndiyo zinaota mizizi, upande wa pili wa dunia kulikuwa na ugomvi mwingine. Tangu mwaka 1869 Chuo Kikuu cha Harvard kiliongozwa na Charles Eliot, na yeye aliamini mwanafunzi aachwe achague mwenyewe. Masomo ya lazima yakapunguzwa mwaka hadi mwaka mpaka karibu yakaisha. Wakati huohuo chuo kipya cha Johns Hopkins, kilichofunguliwa 1876, kikaanza kutumia mpango wa somo kuu na somo dogo. Harvard wenyewe walikuja kuona kwamba uhuru ule una walakini: kijana anaweza kumaliza shahada akiwa ameokota masomo ya mwanzo mwanzo tu, huku na huku, asijue lolote kwa kina. A. Lawrence Lowell alipomrithi Eliot mwaka 1909, akaleta sharti kwamba kila mwanafunzi akazie fani moja.

Nakumbusha hili kwa sababu huku kwetu watu huongea kana kwamba kutangaza fani ni alama ya uhuru wa Kimarekani. Kihistoria ilikuwa kinyume. Uhuru ulitangulia, fomu ikaja kuufunga kidogo. Sisi tulianza na fomu, na mpaka leo tunahangaika kuilegeza.

Masomo matatu ya Makerere

Kabla ya uhuru, kijana wa Tanganyika aliyetaka shahada bila kuvuka bahari alielekezwa Kampala. Makerere ilikuwa imeingia kwenye uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na wanafunzi wake walifanya shahada za London.

Mmoja wao alitoka Usangi. Cleopa David Msuya alisoma Makerere kuanzia 1952 hadi 1955, na shahada yake ilikuwa na masomo matatu: historia, sayansi ya siasa na jiografia. Kwa lugha ya leo tungeshindwa kumpa jina. Mwanahistoria? Mwanajiografia? Alipotoka pale alikwenda kwenye kazi ya maendeleo ya jamii na vijijini, baadaye akawa katibu mkuu, waziri wa fedha, na waziri mkuu mara mbili, 1980 hadi 1983 na 1994 hadi 1995. Alipofariki Mei 2025 alirudishwa kuzikwa Usangi. Fedha za nchi nzima zilipitia mikononi mwa mtu ambaye vyeti vyake vya chuo vilisema historia na jiografia, na mzee wa kijijini angemwita mwalimu.

Mfano wa pili mnaujua, ila nadhani wengi hawajautazama kwa jicho hili. Mwaka 1949 Julius Nyerere alikwenda Edinburgh. Alikuwa ameshafundisha Tabora, na alipofika Uskochi alianza kwa kozi fupi ya kemia na fizikia. Oktoba mwaka huohuo akapokelewa katika kitivo cha sanaa. Hapo akasoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa na anthropolojia ya jamii. Mwaka uliofuata historia ya uchumi na historia ya Uingereza. Mwaka wa mwisho sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Mwaka 1952 alipata shahada ambayo haikuwa na fani kuu hata moja.

Tulia hapo kidogo. Mtu aliyekuja kuitwa Mwalimu na nchi nzima aliachana na kemia na fizikia ugenini, akakaa miaka mitatu akipita kutoka somo hadi somo. Wangapi kati ya wanafunzi wa nchi aliyokuja kuiongoza walipewa nafasi kama hiyo?

Mlimani na hesabu ya serikali

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilianza na kitivo kimoja, sheria, na wanafunzi wasiofika ishirini. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kilihamia kwenye kilima tunachokiita Mlimani, na kitivo cha sanaa na sayansi za jamii kikaanza.

Serikali ya wakati ule ilikuwa na hesabu ngumu mezani. Wasomi walihesabika, nafasi za wakoloni waliokuwa wanaondoka zilikuwa wazi, na shule za sekondari hazikuwa na walimu Waafrika wa kutosha. Ikatengenezwa mipango ya nguvukazi: tunahitaji wahandisi kadhaa, madaktari kadhaa, walimu wa hisabati kadhaa. Mwanafunzi aliyesomeshwa kwa fedha ya serikali aliahidi kuitumikia kwa miaka mitano baada ya kumaliza. Kwa hiyo fani yako ilikuwa mstari ndani ya mpango wa maendeleo. Ukitaka kuhama, ulikuwa unahamisha mstari wa watu wengine.

Mimi siwezi kuudharau mpango huo. Milimani kwetu zahanati, shule na maji ya bomba vililetwa na watu waliosomeshwa kwa hesabu hiyo. Mkulima wa Suji aliyelipa kodi alikuwa na haki ya kuuliza kodi yake imezaa daktari au imezaa mtu wa kuongea Kiingereza kizuri. Lakini hesabu ile ilikuwa na upande wake wa pili: ilimzoesha mwanafunzi kuona kwamba kuchagua somo ni kazi ya ofisi.

Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakarudishwa makwao. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha, na baada yake somo la taaluma za maendeleo likawa la kila mwanafunzi, awe wa kemia au wa lugha. Bado lipo. Waliopita Mlimani mnalijua kwa herufi zake mbili, DS, na mnajua lilivyosababisha watu kukesha.

Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma. Sasa haikutosha kufaulu kidato cha sita. Ulitakiwa kwanza ukafanye kazi, halafu mwajiri na chama wakupendekeze ndipo uende chuo. Baada ya miaka michache masharti yalilegezwa kwa wanawake na kwa fani za sayansi, maana idadi yao ilishuka. Miaka hiyohiyo sekondari nazo ziligawanywa kwa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Mtoto alipangiwa shule, na shule ilikuwa na mchepuo wake, na mchepuo ukawa wake. Neno lenyewe linasema kila kitu. Mchepuo ni njia inayochepuka, na aliyechepushwa mara nyingi ni mtembezi, si njia.

Mpare aliyesomea Upare

Katikati ya hesabu hizo zote kuna mtu mmoja ninayemrudia kila nikitafakari jambo hili: Isaria Kimambo.

Mwaka 1963 mwanahistoria mmoja mkubwa wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alisema hadharani kwamba Afrika haina historia ya kufundisha, isipokuwa historia ya Wazungu walioko Afrika. Mwaka huohuo Terence Ranger alifika Dar es Salaam kuijenga idara ya historia. Kimambo, Mpare, alikuwa anaelekea kwenye shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Alipotakiwa kuchagua cha kuandikia, alichagua Upare. Alirudi milimani akakaa na wazee, akawauliza koo, watawala, vita, matambiko, mvua na chuma. Tasnifu yake ilikamilika 1967, na mwaka 1969 kikatoka kitabu chake juu ya historia ya kisiasa ya Wapare tangu karibu 1500 hadi 1900. Wale Washana na Wasuya niliowataja juu, tunaweza kuwazungumza leo kwa mpangilio kwa sababu yeye aliwaandika. Mwaka huohuo alihariri pamoja na A. J. Temu kitabu cha historia ya Tanzania kilichosomwa na kizazi kizima, na Ranger alipoondoka, Kimambo akashika idara.

Hakuishia kwa watawala wa zamani. Mwaka 1971 alitoa kijitabu juu ya Mbiru. Kwa wasioijua: miaka ya 40 serikali ya kikoloni ilileta Upare kodi ya kupanda kulingana na mali ya mtu, nayo watu wakaiita mbiru. Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani hadi Same, makao ya wilaya, wakakaa pale wakigoma. Huko Usangi wanawake nao walimkabili mkuu wa wilaya wakamwambia kwa ukali: turudishie waume zetu, ama sivyo utupe mimba wewe mwenyewe. Kodi ile haikudumu.

Sasa jiulize. Kwa hesabu ya nguvukazi, mtu wa kukusanya maneno ya wazee wa Upare alikuwa na nafasi gani? Hakuna mpango wa maendeleo ulioandika: "tunahitaji mmoja wa kuuliza habari za Washana." Na bado, ukitoa kazi hiyo, wajukuu wa waliolala nje pale Same wangebaki na ripoti za mkoloni tu, ambazo ziliwaona babu zao kama watu wasioelewa kodi. Kuchagua somo kwa Kimambo kulibadilisha nani anahesabika kuwa na historia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba fani ni suala la ajira peke yake. Ajira ni kweli. Mimi mwenyewe nakula kwa ajira. Lakini jamii isiyoacha hata dirisha dogo la mtu kuchagua kisichokuwa kwenye orodha ya ofisi itakuja kukosa kitu ambacho haikujua kama inakihitaji.

Herufi tatu

Turudi kwenye fomu ya leo. Tanzania ya sasa inatamka fani kwa herufi tatu: PCM, PCB, CBG, EGM, HGE, HGL, HKL. Kitabuni tunaita tahasusi, mtaani tunaita kombi. Mwanafunzi wa kidato cha nne anajaza machaguo yake katika fomu iitwayo Selform, matokeo yakitoka anapangiwa. Miaka ya karibuni TAMISEMI hufungua mfumo mtandaoni baada ya matokeo ili mwenye kutaka abadilishe tahasusi au chuo kabla ya kupangwa. Dirisha hilo ni la siku chache, na kijana aliyeko juu kabisa huko Chome ambako mtandao unakuja na kuondoka anaweza kulisikia limeshafungwa.

Ubaya wa herufi tatu ni kwamba zinafika mbali kuliko zinavyoonekana. Vigezo vya kujiunga na shahada vinadai ufaulu wa masomo mawili yanayoendana na kozi, na udaktari wa binadamu unadai yote matatu: fizikia, kemia na biolojia. Ukishaingia kidato cha tano na HGL, mlango wa udaktari umefungwa, na hukuusikia ukifungwa. Na kuna mlango wa nyuma yake. Kidato cha tatu, katika shule nyingi, wanafunzi walikuwa wanaruhusiwa kuacha fizikia na kemia. Aliyeacha pale akiwa na miaka kumi na tano ameshatangaza fani kuu, ila hakuna aliyemwambia kwamba anatangaza.

Binti mmoja wa upande wa mama yangu, kwao ni kule kwenye tangawizi, Miamba, aliniuliza kwa simu: "Mjomba, hivi nikichukua CBG si bado naweza kuwa daktari?" Kemia na biolojia alikuwa na C, fizikia D. Nikamuuliza fizikia ilikuwaje. Akasema shuleni kwao walikaa karibu miaka miwili bila mwalimu wa fizikia, wakawa wanasoma kwa kupeana madaftari ya kaka zao. Nilimwambia ukweli: daktari wa binadamu, kwa CBG, hapana. Lishe, kilimo, misitu, mazingira, ualimu wa sayansi, hapo njia ipo. Alikaa kimya, halafu akasema kitu ambacho sijakisahau: "Sasa mjomba, mbona kwenye fomu hawajaandika?"

Mama yake alikuwa amemsomesha kwa magunia ya tangawizi. Hakuna mtu aliyekaa na mama huyo akamwonyesha kwamba kati ya gunia lake na koti jeupe kuna mwalimu wa fizikia ambaye hayupo. Binti alikwenda CBG. Anafanya vizuri, na siku hizi anauliza maswali mengi juu ya magonjwa ya mimea, ambayo kwa wakulima wa tangawizi si jambo dogo. Lakini tusijidanganye kwamba alichagua. Alipangwa na ratiba yenye vipindi vitupu.

Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, jumla zikawa 65 kutoka 16 za awali, zikiwamo za sanaa, michezo, muziki, lugha za kigeni na masomo ya dini. Mimi nililipokea kwa furaha. Ni mara ya kwanza kwa miongo mingi fomu imetanuka badala ya kubana. Ila tahasusi haifundishwi na tangazo. Inafundishwa na mtu aliyesimama mbele ya darasa. Shule ambayo haina mwalimu wa fizikia haitapata wa muziki kwa sababu orodha imerefuka. Kwa mtoto wa milimani, orodha halisi ni ile ya walimu waliopo.

Chuoni, kilichobaki cha kutamka

Je, chuoni hakubaki kitu? Kinabaki, ila ni kidogo na wengi hawakijui.

Kwanza kuna ombi lenyewe. Kuanzia 2010 maombi ya vyuo vyote yalipitia mfumo mmoja wa TCU, na tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni. Akichaguliwa zaidi ya sehemu moja anathibitisha moja kwa namba ya siri anayotumiwa. Ule uthibitisho ni tamko. Wengi wanaubonyeza wakiwa kwenye daladala.

Pili kuna masomo ya kufundishia. Anayesoma Shahada ya Sanaa pamoja na Elimu hubeba masomo mawili ya kwenda kufundisha, Historia na Kiswahili kwa mfano, au Jiografia na Kiingereza. Huo ndio mpangilio wetu ulio karibu zaidi na ule wa fani kuu na fani ndogo. Ndani yake kuna kozi za lazima na kozi za hiari, na kwenye hizo za hiari ndiko mtu anaweza kujitengenezea sura. Ninawajua watu wa ualimu ambao kwa kozi za hiari peke yake walijenga msingi wa isimu au wa akiolojia, wakaja kuendelea nao shahada ya pili.

Tatu kuna kuhama kozi. Inawezekana, katika wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza, kama nafasi ipo huko unakokwenda na kama ufaulu wako wa kidato cha sita unakidhi vigezo vya huko. Unaandika maombi, idara unayotoka inajua, idara unayokwenda inakubali, usajili unabadilishwa, na taarifa za mkopo nazo zinatakiwa kufuata. Mambo mengi kwa wiki chache, na wakati huo mwanafunzi bado anatafuta chumba na kusubiri bumu. Ndiyo maana wengi hawahami, wanavumilia. Wanakuja kumaliza kozi wasiyoipenda kwa heshima, na baada ya hapo hawataki tena kuiona.

Sidai kwamba tuige Marekani. Miaka miwili ya kuonja masomo ni anasa inayolipiwa na mtu, na kwetu anayelipa ni mama wa tangawizi. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho. Fomu ya kidato cha nne iandike, kwa Kiswahili, milango ambayo kila herufi tatu zinafungua na ile zinazofunga. Maelezo hayo yatolewe kidato cha pili, kabla mtoto hajaacha fizikia. Na dirisha la kuhama mwaka wa kwanza lisogezwe hadi mwisho wa muhula, ili mtu awe ameshakaa kwenye mihadhara na kujua anachokimbia na anachokifuata. Nyerere alihitaji miezi kadhaa ya kemia na fizikia huko Edinburgh kabla ya kuingia kitivo cha sanaa. Si haki kumpa binti wa Miamba wiki mbili.

Na nyie mlioko vyuoni sasa, mkirudi likizo na mzee akauliza unasomea nini, msimwachie amalizie. Mwambieni kirefu. Mwambieni kwamba kuna mtu wa hapahapa Upare alisomea habari za babu yake huyo mzee, na ndiyo sababu Mbiru iko vitabuni. Halafu mwulizeni anachokumbuka. Wengi waliowahi kumsikia aliyelala nje kule Same wameanza kuondoka, na sijui kama mwaka huu kuna mwanafunzi yeyote aliyeandika jina la somo hilo kwenye fomu yake.